Kabla hujapeleka laptopu ya shule ikapigwe Windows

Kuna sentensi ambayo wazazi wengi wa Arusha wameshaisikia wakiwa wamesimama kibandani na kompyuta ya mtoto mkononi: "Mama, hii tunapiga Windows tu, pitia jioni." Kupiga Windows ni kufuta diski na kuweka Windows upya. Kompyuta ikiwa yako mwenyewe, uamuzi ni wako. Laptopu aliyokabidhiwa mwanafunzi na shule ni jambo jingine. Imesajiliwa kwenye mfumo wa shule, ina akaunti ya msimamizi, ina programu za masomo zenye leseni, na mara nyingi diski yake imefungwa kwa ufunguo wa siri. Ukiifuta, vingi kati ya hivyo vinaondoka pamoja na kazi za mtoto. Linaloniuma zaidi ni kwamba tatizo lenyewe mara nyingi linabaki palepale, maana waya uliokatika ndani hauponi kwa Windows mpya.

Kwa hiyo anza na umeme, siku zote.

Mtoto akisema "haiwaki", usilichukue neno hilo lilivyo. Muulize: taa ya pembeni mwa tundu la chaja inawaka? Feni inasikika? Ukibonyeza Caps Lock, kile kitaa chake kinaitika? Kama Caps Lock inaitika, kompyuta imewaka. Kilicholala ni kioo, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Kama hakuna taa hata moja, rudi ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama inapeleka. Kama ulikuwa unatumia ekstensheni, iache, chomeka moja kwa moja ukutani.

Sasa shika chaja. Ina sehemu mbili: waya mnene unaotoka ukutani, na boksi lenye waya mwembamba unaokwenda kwenye kompyuta. Waya mnene hulegea pale unapoingia kwenye boksi. Usukume mpaka uzame wote. Ukiwa mbovu unauzwa peke yake, huhitaji kununua chaja nzima. Waya mwembamba hukatikia mahali pawili: pale unapotoka kwenye boksi, na sentimita chache kabla ya ncha. Sababu ni mtoto kuuzungushia kwenye boksi na kuukaza kila anapoingiza kwenye begi. Washika hapo, unaukunja polepole huku jicho liko kwenye taa ya chaji. Taa ikiwaka na kuzima kadiri unavyokunja, umeshampata mgonjwa. Usimfunge selotepu ukaendelea kumtumia, kwa sababu nyaya zinazogusana na kuachana ndani hupata moto.

Ukienda kununua chaja nyingine, soma maandishi ya nyuma ya boksi. Mstari wa OUTPUT ndio wenye maana, mfano 19.5V na 3.33A. Zidisha, unapata kama wati 65. Volti lazima zilingane na za chaja ya awali. Ampea zinaweza kuzidi, kompyuta itachukua inachohitaji, lakini zisipungue. Dell na HP nyingi ni volti 19.5, Lenovo nyingi ni 20, Acer nyingi ni 19, na ncha kuingia vizuri haimaanishi kwamba chaja ni yenyewe. Dell ina jambo lake: katikati ya ncha kuna kipini chembamba kinachoiambia kompyuta hii ni chaja ya wati ngapi. Kipini kikipinda au chaja ikiwa ya kuiga, kompyuta itawaka, lakini betri haitachaji na mashine nzima itajipunguzia kasi makusudi. Hiyo ndiyo laptopu inayopelekwa kupigwa Windows kwa sababu "imekuwa nzito".

Zinazochajiwa kwa USB-C, zikiwemo Chromebook nyingi (laptopu za mfumo wa Google), kwa kawaida hutaka chaja ya wati 45. Ukiichomeka ya simu ya wati 15, ama itagoma ama itachaji kwa mwendo wa kinyonga huku mtoto akitumia, na jioni asilimia zimepungua badala ya kuongezeka.

Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke. Chaja hizi zimetengenezwa kupokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hauziui. Kinachoziua ni ule mruko wa ghafla wakati umeme unarudi.

Chaja ikiwa nzima na bado kimya, mwaga umeme uliobaki ndani ya mashine. Chomoa chaja, chomoa flashi na kila kilichochomekwa, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kwa sekunde 30. Achia. Chomeka chaja peke yake, iache dakika 15 bila kugusa, ndipo uwashe. Laptopu iliyokaa kabatini likizo nzima bila chaji ipe hata nusu saa. Kwa Chromebook, shikilia kitufe chenye mshale wa duara kilichopo mstari wa juu, na ukiwa bado umekishikilia bonyeza kitufe cha kuwasha. Ikianza kuwaka, achia vyote. Hatua hii haifuti diski, ingawa kwenye Chromebook baadhi ya mafaili ya folda ya Downloads yanaweza kupotea, na inafufua mashine nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Imewaka lakini kioo ni cheusi

Ongeza mwanga kwanza. Nasema hivyo kwa dhati, kwa kuwa kitufe cha kupunguza mwanga kiko mahali ambapo kidole cha mtoto kinapita kila mara. Kisha, kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kikicheza kidogo au ukasikia mlio, sehemu ya picha imejianzisha upya. Ikishindikana, zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uimulike kioo kwa upande. Ukiona maandishi yamefifia kwa mbali, picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo haifanyi kazi. Jaribu pia kuichomeka kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Televisheni ikionyesha kila kitu, mafaili ya mtoto yako salama na kinachohitajika ni kioo au kebo yake, si kufuta diski.

Vioo havivunjwi na kuanguka pekee. Vinavunjwa pia na kalamu iliyosahauliwa juu ya kibodi kisha mfuniko ukafungwa, au na begi lililobanwa miguuni ndani ya hiace ya Usa River saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kompyuta ikae upande wa mgongoni wa begi, daftari kubwa mbele yake, na chaja isikae upande wa kioo. Masika yakianza Machi, ongeza mfuko wa plastiki ndani ya begi. Begi la shule halizuii mvua ya Aprili.

Betri

Kujua hali ya betri hakuhitaji kubahatisha. Kwenye Windows fungua lile dirisha jeusi la amri (Command Prompt), uandike:

powercfg /batteryreport

Itatengeneza faili ambalo kwa kawaida linakaa kwenye folda ya jina la mtumiaji. Lifungue, tafuta namba mbili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa leo. Kama ya kwanza ni 45,000 na ya pili ni 17,000, betri imebaki na chini ya asilimia 40, na hakuna mpangilio wowote utakaoirudisha. Mpelekee mwalimu wa TEHAMA namba hizo mbili, zitakuwa na nguvu kuliko kusema "haikai na chaji". Kama shule imefunga dirisha la amri, usilizunguke; mwambie mwalimu aendeshe yeye.

Kuna dalili moja ambayo mzazi anapaswa kuitambua kwa vidole. Sehemu ya kugusa iliyo chini ya kibodi, ambayo jana ilikuwa inabonyea na kulia "tik", leo imekuwa ngumu, haibonyei. Iangalie kwa usawa wa macho: imenyanyuka kidogo upande mmoja kuliko bodi inayoizunguka. Au kompyuta ukiiweka mezani inayumba kama meza yenye mguu mfupi. Hiyo ni betri iliyovimba inayosukuma kutoka chini. Izime, chomoa chaja, usiichaji tena, usijaribu kuibonyeza irudi, wala kuitoboa. Iweke mahali pakavu mbali na kitanda na mapazia, na irudishwe shuleni siku inayofuata. Betri ya lithiamu iliyotobolewa inashika moto, na si moto wa kuzima kwa kikombe cha maji.

Joto na vumbi

Vumbi la Arusha la kiangazi ni laini kama unga, linapita kila tundu. Ndani ya laptopu yenye feni hukutana na nyuzi za blanketi na zulia, vikafanya utando kati ya feni na yale mapezi ya chuma yanayopitisha joto. Nje utaona matundu yako wazi kabisa, ndani pameziba. Dalili: feni inapiga kelele mfululizo, upande wa kushoto au kulia unaunguza, halafu mashine inazima yenyewe bila onyo baada ya dakika 20 au 30, na ukiiwasha hapohapo inazima mapema zaidi. Hilo la kuzima mapema zaidi ndilo linaloitofautisha na virusi. Virusi havijali kama mashine imepoa.

Dawa ni kupuliza kwa hewa kavu, mipulizo mifupi, feni ikiwa imezuiwa isizunguke kwa kijiti cha meno, kwa kuwa ikizungushwa kwa kasi na upepo inaweza kuharibika. Kufungua kifuniko ni kazi ya mtu aliyeruhusiwa na shule. Kwa mtoto, sheria iwe moja tu: asiitumie juu ya kitanda. Kitabu kikubwa au ubao chini yake unatosha.

Nzito, inaganda

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakaloonekana linaonyesha CPU (ubongo wa kompyuta), kumbukumbu ya kazi (RAM) na diski, kila moja na asilimia yake. Iache dakika tano bila kufungua kitu, kisha soma. Diski ikikaa kwenye 100 wakati CPU iko chini ya 20, na kompyuta ni ya zamani yenye diski inayozunguka, tatizo ni diski hiyo. Kuibadilisha na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 256 kunaipa mashine maisha mapya kuliko matengenezo mengine yote, na ninaona ni matumizi bora ya fedha za shule kuliko kununua antivairasi. Kumbukumbu ikiwa kwenye 90 na mashine ina GB 4, funga vichupo vya kivinjari. Vitano vinatosha kwa kazi ya shule.

Ukisikia diski inalia "tak, tak, tak", simama. Usiendeshe programu yoyote ya kuirekebisha, kwa kuwa kuipekua diski inayokufa kunaimalizia. Nakili kazi za mtoto kwanza kwenye flashi au mtandaoni, ukianza na zile zisizoweza kuandikwa upya.

Na hizi ndogo za GB 32 au 64 huwa nzito kwa sababu zimejaa. Windows ikikosa nafasi haiwezi kujisasisha, inajaribu tena na tena nyuma ya pazia. Hamisha video na picha. Acha angalau GB 15 wazi kama ukubwa wake unaruhusu.

Flashi iliyotoka stesheneri

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu njia ni ileile kila wiki. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ana kazi ya kuchapisha. Anaiweka kwenye flashi, anaipeleka stesheneri, inachomekwa kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mtaa mzima, anarudi nyumbani, anaichomeka kwenye laptopu ya shule. Ndani ya flashi folda zake zipo kwa majina yaleyale, ila kila moja ina kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto, na ukubwa wake ni KB 1 au 2. Anabofya mara mbili. Folda inafunguka kama kawaida, na wakati huohuo kirusi kimeingia.

Mafaili hayajafutwa. Yamefichwa, na kilichoachwa mbele ni shotikati za uongo. Kwa hiyo usibofye chochote na usiifute flashi. Angalia flashi imepewa herufi gani. Tuseme ni E. Fungua dirisha la amri uandike hivi, ukizingatia nafasi kati ya kila kipande:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri mpaka mstari wa kuandikia urudi. Folda halisi zitajitokeza pembeni ya zile za uongo, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka tu, yaani za Word, PDF na picha. Usinakili faili lolote linaloishia na .lnk, .vbs au .exe. Baada ya hapo ndipo uifomati flashi. Amri hii inafichua mafaili, haiui kirusi. Kwa upande wa kompyuta, fungua Windows Security na uchague ukaguzi wa Defender Offline. Mashine itajizima na kukagua kabla Windows haijapanda, kazi ya kama dakika 15, kwa hiyo chaja iwe imechomekwa.

Bora zaidi ni kutopeleka flashi kabisa. Geuza kazi iwe PDF, itume kwa barua pepe au WhatsApp, ichapishwe kutoka huko. PDF pia haivurugi mpangilio wa jedwali pale stesheneri wanapokuwa na Word ya toleo jingine.

Pasiwedi inakataa

Kabla ya kuamua kwamba mtoto amesahau, mwambie aandike pasiwedi yake mahali ambapo herufi zinaonekana, kwa mfano kwa kubonyeza kile kijicho pembeni ya kisanduku. Mara nyingi utaona alama ya @ imetoka kama alama ya kunukuu. Kibodi imehama kutoka mpangilio wa Marekani kwenda wa Uingereza au kinyume chake, na vitufe hivyo viwili vimebadilishana. Kitufe cha Windows pamoja na nafasi kinairudisha. Ukiona herufi u, i, o zinatoka 4, 5, 6, na j, k, l zinatoka 1, 2, 3, Num Lock imewashwa; bonyeza Fn na NumLk.

Kama kweli amesahau, msimamizi wa shule anabadilisha pasiwedi kwa dakika mbili. Kupiga Windows hapa ni kosa baya kuliko yote. Chromebook iliyosajiliwa na shule ukiifuta inawaka na kudai kurudi kwenye usajili uleule. Laptopu ya Windows yenye BitLocker, yaani lile kufuli la diski, ukigusa mipangilio ya ndani au kuhamisha diski, itadai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uko shuleni. Walimu, tafadhali uhifadhini pamoja na namba yake ya utambulisho na namba ya mali ya kila mashine, tena si kwenye kompyuta moja pekee.

Mtandao

Waifai imeshika lakini kila tovuti inakataa na kusema muunganisho si salama: tazama saa na tarehe. Kompyuta inayodhani ni 2019 inavikataa vyeti vya tovuti za leo. Rekebisha, chagua ukanda wa UTC+03:00 Nairobi. Tarehe ikipotea kila inapozimwa, kile kibetri cha ndani kama sarafu kimekwisha. Nyingi hutumia CR2032 ya volti 3. Na tukiwa kwenye saa: kazi inayofungwa 23:59 inafungwa saa 5:59 usiku, na 12:00 PM ni saa sita mchana. Wanafunzi wanapoteza alama kwa hilo.

Ukimpa mtoto hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya waifai hiyo uwashe Metered connection, yaani iambie Windows kwamba bando lina kikomo. Bila hivyo Windows inaweza kuamua kushusha sasisho zito, na bando la wiki likaisha kabla ya saa mbili usiku. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania na mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita vishushwe mara moja shuleni, visomwe nyumbani bila bando.

Chai imemwagika

Zima papo hapo kwa kushikilia kitufe cha kuwasha, chomoa chaja, ifungue na uisimamishe kichwa chini kama hema ili maji yatoke yalikoingilia. Usiianike juani, usiizike kwenye mchele, usiwashe "kujaribu tu". Angalau saa 48. Chai ya maziwa na soda huacha sukari inayokula nyaya hata baada ya kukauka, hivyo mwambie mwalimu ukweli ni kitu gani kilimwagika. Mtoto asigombezwe mpaka akaficha, kwa sababu mashine iliyosemwa siku hiyohiyo inaweza kusafishwa.

Windows 10

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), kumbukumbu GB 4, nafasi GB 64, na kwa CPU za Intel kwa ujumla kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za msaada na za mitumba ni za kizazi cha 6 na 7, hazifikii. Kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine hizo si huduma. Shule yenye mashine 30 za aina hiyo ijaribu mfumo mbadala wa Windows, Linux Mint au ChromeOS Flex, kwenye moja kwanza, kwa mwezi mzima, na programu zake halisi za masomo. Kwa Chromebook, modeli zilizotoka kuanzia 2021 hupata masasisho kwa miaka 10, na tarehe ya mwisho imeandikwa ndani ya mipangilio, kwenye About ChromeOS.

Likizo ya Desemba ikifika, mashine zinazobaki stoo ziachwe na chaji kati ya asilimia 40 na 60, zimezimwa kabisa, si kulazwa kwa kufunga mfuniko tu. Zisiachwe kwenye chaja mwezi mzima, wala zisirundikwe zaidi ya tano kwa kwenda juu, kioo cha chini kinaumia. Bandika kwenye kila moja kipande cha karatasi chenye jina la aliyekuwa nayo, namba ya chaja yake na kilichokuwa kinasumbua, ili Januari zisigawiwe na ugonjwa uleule.